Kutafuta ndoa kwenye daftari la parokia ya kijijini Uingereza, hatua kwa hatua

Swali halibadiliki: nimeandika jina la babu kwenye tovuti, yamekuja majina mia tatu, au halikuja hata moja, sasa nifanyeje? Wanaouliza ni watu wenye babu Mwingereza aliyefika Afrika Mashariki enzi za ukoloni, waliooa au kuolewa huko, na wapenzi wa historia tu. Jibu nalo halibadiliki. Daftari la ndoa la zamani halikupangwa kwa jina la mtu. Limepangwa kwa kanisa na kwa tarehe. Jua kwanza ni kanisa gani na miaka gani, halafu ndipo ulitafute jina.

Mfano wetu ni Steventon, kijiji kidogo cha kaunti ya Hampshire, kati ya Overton na Basingstoke, chenye kanisa la Mtakatifu Nicholas. George Austen alikuwa kasisi hapo, na binti yake Jane, mwandishi wa riwaya, alizaliwa hapo mwaka 1775. Ndoa za familia hiyo zinajulikana vizuri, kwa hiyo unaweza kujifunzia kwazo kabla ya kuhangaika na za ukoo wako. Mwongozo huu ni wa England na Wales. Uskoti na Ireland zina taratibu zao.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Majina kamili ya wote wawili. Ukiwa na jina la mume tu, usianzie kwenye ndoa. Anzia kwenye ubatizo wa watoto, maana huko utapata walau jina la kwanza la mama.
- Mwaka wa kuzaliwa wa mtoto wa kwanza anayejulikana.
- Akaunti ya FamilySearch, ambayo ni bure. FreeREG (madaftari ya makanisa) na FreeBMD (faharasa ya serikali, yaani orodha ya vizazi, ndoa na vifo, kuanzia 1837) nazo ni bure. Ancestry na Findmypast hulipiwa. Usilipie kabla ya kuhakikisha kwamba kaunti yako imo, na kwamba kuna picha za kurasa, siyo majina yaliyochapwa tu.
- Ramani inayoonyesha mipaka ya parokia za zamani. Ramani ya barabara ya leo haitoshi.
- Daftari lako la kuandikia ulichotafuta na hukukiona. Wengi hulipuuza hili, kisha wanarudia parokia ileile mara tatu.

Madaftari yako ya aina nne

Ukijua mwaka, unajua aina ya daftari, na unajua utakuta nini ndani yake.

Kuanzia 1538, kwa agizo la Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, kila parokia ilitakiwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko. Ndoa ya kipindi hiki huwa mstari mmoja tu: tarehe na majina mawili, mara nyingi imechanganywa na ubatizo na maziko katika kitabu kimoja. Hadi 1733 huenda ikawa kwa Kilatini.

Tarehe 25 Machi 1754 sheria ya ndoa ya Lord Hardwicke ilianza kufanya kazi. Ndoa zikapata kitabu chake, kwa kawaida chenye fomu iliyochapwa, na maharusi, mashahidi wawili na kasisi wakatakiwa kutia saini.

Kuanzia 1813 fomu inafanana nchi nzima, ndoa tatu kwa ukurasa.

Kuanzia tarehe 1 Julai 1837 fomu inakuwa na safu: umri, hali ya ndoa, kazi, makazi, jina la baba wa kila mmoja na kazi yake. Ni ndoa mbili kwa ukurasa. Jina la mama halimo kabisa. Liliingia tarehe 4 Mei 2021. Kwa hiyo ukiona mti wa ukoo mtandaoni unaodai kwamba jina la mama limetoka kwenye cheti cha ndoa cha 1860, mwulize mwenyewe alilitoa wapi.

Hatua ya 1: Kadiria mwaka

Chukua mwaka wa ubatizo wa mtoto wa kwanza, kisha rudi nyuma mwaka mmoja mmoja. Anzia mwaka uleule wa ubatizo, usiuruke, kwa sababu bibi harusi mwenye mimba hakuwa jambo geni vijijini. Rudi miaka kumi kabla ya kukata tamaa.

Sensa husaidia, ila uzisome kwa tahadhari. Ya 1841 ilishusha umri wa watu wazima hadi namba inayogawanyika kwa tano, kwa hiyo aliyeandikwa 25 anaweza kuwa na 29. Kuanzia 1851 sensa inataja parokia aliyozaliwa mtu. Ya 1911 ni tunu: inasema ndoa ina miaka mingapi.

Hatua ya 2: Tafuta parokia ya mwanamke

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Wanajua mume aliishi Steventon, wanafungua daftari la Steventon, hawaoni kitu, wanaacha. Desturi ilikuwa ndoa kufungwa kwenye parokia ya bibi harusi.

Itazame familia ya Austen. George Austen, kasisi mwenyewe wa Steventon, hakufungia ndoa yake pale. Alimwoa Cassandra Leigh mwaka 1764 katika kanisa la Mtakatifu Swithin, Walcot, mjini Bath, alikokuwa akiishi bibi harusi, na kwa leseni (kibali cha kulipia, bila kutangazwa kanisani). Mwana wao mkubwa, James, alioa mara mbili: mwaka 1792 huko Laverstoke na mwaka 1797 huko Hurstbourne Tarrant, mara zote mbili upande wa mwanamke. Anayeshinda na daftari la Steventon peke yake haioni hata moja kati ya ndoa hizo tatu.

Kwa hiyo chora duara. Anza na parokia yako, kisha jirani zinazofikika kwa miguu (kwa Steventon ni Deane, Ashe, North Waltham na Dummer), kisha mji wa soko kama Basingstoke, mwisho mji wa kanisa kuu, yaani Winchester. Mabinti wengi wa vijijini walikwenda mjini kufanya kazi za ndani na wakaolewa hukohuko.

*Usichanganye:* ipo Steventon nyingine karibu na Abingdon, iliyokuwa kaunti ya Berkshire na sasa iko Oxfordshire. Tovuti hazijali, zitakuletea zote mbili. Jambo la pili, jina rasmi la Hampshire lilikuwa kaunti ya Southampton hadi 1959. Daftari likiandika "in the County of Southampton" halina maana ya mji wa bandari wa Southampton. Watu wamepoteza miezi mjini kule wakimtafuta mkulima ambaye hakuwahi kuiona bahari.

Hatua ya 3: Tafuta kwenye faharasa, kwa tahajia zote

Kabla ya karne ya 19 kasisi aliandika jina kama alivyolisikia. Jina moja laweza kuwa na herufi e mwishoni leo, kesho isiwepo, na kwenye kurasa za mbele likaanza na herufi nyingine kabisa. Tumia nyota badala ya herufi zenye shaka: *Sm\*th\** italeta Smith, Smyth na Smythe. Ukikwama, tafuta kwa jina la kwanza la mume na la mke pamoja na parokia, uache jina la ukoo wazi.

Kwa ndoa za baada ya Juni 1837 tumia FreeBMD. Faharasa ya serikali imepangwa kwa robo ya mwaka, na robo ya "Jun" ni Aprili, Mei na Juni. Kabla ya 1912 haionyeshi jina la mwenzi. Mtafute mume, kisha mke, na uangalie kama wana wilaya moja, juzuu moja na ukurasa mmoja. Wakilingana, bado siyo uthibitisho, kwani ukurasa mmoja una ndoa zaidi ya moja.

Hatua ya 4: Fungua picha ya ukurasa wenyewe

Faharasa ni kielekezo tu. Aliyeichapa alikuwa anasoma mwandiko wa mtu mwingine, na mashahidi mara nyingi hakuwaandika. Usimwingize mtu kwenye ukoo wako kwa faharasa peke yake.

Ukifungua kitabu cha miaka ya 1754 hadi 1812, soma kurasa za mwanzo kwa makini. Vitabu vilivyochapwa viliweza kuwa na ukurasa wa mfano wa kumwonyesha kasisi jinsi ya kujaza. Katika daftari la Steventon, ambalo sasa limehifadhiwa kwenye hifadhi ya nyaraka ya Hampshire mjini Winchester, Jane Austen akiwa msichana aliujaza ukurasa huo kwa mchezo. Alijitangazia ndoa na Henry Frederic Howard Fitzwilliam wa London, akajiozesha kwa Edmund Arthur William Mortimer wa Liverpool, kisha kwa Jack Smith. Hakuolewa maisha yake yote. Mwandiko ni wa enzi ileile, wino ni wa enzi ileile, na ndoa hakuna. Utajuaje? Kila ndoa halisi ina tarehe kamili, namba na saini ya kasisi, na inafuatana na zilizotangulia.

Hatua ya 5: Isome fomu neno kwa neno

Fomu ya baada ya 1754 ina maneno yaliyochapwa na nafasi za kujaza kwa mkono. Yafuate hivi:

- *of this Parish*: mkazi wa parokia hii. Kwenye nakala za kuchapwa hufupishwa *otp*. Akiwa wa kwingine, jina la parokia yake limeandikwa hapo, na huko ndiko unakokwenda kutafuta ubatizo wake.
- *sojourner*: aliyekaa hapo kwa muda tu. Siyo kwao.
- *Bachelor* ni kapera, *Spinster* ni mwanamke asiyewahi kuolewa, *Widower* ni mgane, *Widow* ni mjane.
- *by Banns*: ndoa ilitangazwa kanisani Jumapili tatu. *by Licence*: walilipia leseni, hawakutangazwa.
- *with Consent of Parents*: kwa idhini ya wazazi. Ikijazwa, huenda kuna aliyekuwa chini ya miaka 21.
- *X the mark of*: hakuweza kuandika jina lake. Jina lililo pembeni ya alama limeandikwa na kasisi, kwa hiyo tahajia yake ni ya kasisi.
- *In the Presence of*: mashahidi. Usiwaruke kamwe.

Mashahidi ni hazina kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Ndoa ya Jane Cooper, mpwa wa mke wa kasisi, ilifungwa Steventon mwezi Desemba 1792, na saini za mashahidi ni za mabinti wa Austen. Saini mbili hizo zinakuonyesha undugu ambao fomu yenyewe haikuuliza. Lakini kuna mtego: pindua kurasa tano mbele na tano nyuma. Jina la shahidi likijirudia kila ndoa, huyo ni karani wa kanisa, siyo shemeji wa mtu.

Baada ya 1837, ukiona *full age* kwenye safu ya umri, maana yake ni miaka 21 au zaidi, basi. Usiandike 21. Makazi nayo yasikudanganye: wakitoa anwani moja haina maana waliishi pamoja. Anwani moja iliwaepusha kutangazwa, na kulipia, katika parokia mbili.

Hatua ya 6: Rekebisha tarehe

Hadi 1751 mwaka wa Waingereza ulianza tarehe 25 Machi. Ndoa ya "10 Februari 1720" kwenye daftari ni Februari 1721 kwa hesabu yetu. Iandike 1720/21 ili asiyejua asikusahihishe vibaya. Mwaka 1752 siku 11 ziliondolewa: Septemba 2 ilifuatwa na Septemba 14. Hutakuta ndoa yoyote kati ya siku hizo, na ukikuta, umesoma mwaka vibaya.

Kwa kuwa zamani Machi ulihesabiwa mwezi wa kwanza, *7ber* ni Septemba, siyo Julai; *8ber* ni Oktoba, *9ber* Novemba, *10ber* au *Xber* Desemba.

Hatua ya 7: Soma mwandiko mgumu kwa kulinganisha

Usikodolee neno moja. Tafuta ukurasa huohuo neno unalolijua, kama jina la mwezi au la kijiji, uone mwandishi anavyochora kila herufi, halafu urudi. Herufi s ndefu hufanana na f. Mbili *ff* mwanzoni mwa jina ni F moja kubwa. Vifupisho vya kawaida ni *Wm* (William), *Thos* (Thomas), *Jas* (James) na *Jno*. Hiyo *Jno* ni John, siyo Jonathan.

Kwenye Kilatini jina la kwanza hugeuzwa na la ukoo huachwa: Jacobus ni James, Gulielmus ni William, Egidius ni Giles. Mwishoni mwa jina pataongezeka herufi kwa sababu ya sarufi. Johannem na Johannes ni John yuleyule. Katika mti wa ukoo andika John. Mzee huyo hakuwahi kuitwa Johannes mitaani.

Hatua ya 8: Hakikisha ni wenyewe

Kupata jina siyo kumpata mtu. John na Mary wenye jina moja la ukoo wanaweza kuwa jozi tatu ndani ya duara lako. Fanya haya:

Mtafute kila mwenye jina hilo aliyebatizwa katika parokia hizo kwa miaka inayofaa, kisha uangalie maziko. Ukikuta amezikwa mtoto wa miaka miwili, mfute. Linganisha saini ya kwenye ndoa na saini yake mahali pengine, kwa mfano alipokuwa shahidi wa ndugu yake. Kama ni kwa leseni, tafuta hati ya kiapo ya kuombea leseni. Mara nyingi hiyo inataja umri na kazi, vitu ambavyo daftari la kabla ya 1837 halina. Leseni yenyewe ilikabidhiwa maharusi na ni nadra kuiona.

Hatua ya 9: Andika ulikoipata

Parokia, kaunti, hifadhi inayotunza kitabu, namba ya kumbukumbu, ukurasa, namba ya ndoa. "Nimeiona Ancestry" haitoshi.

Ukienda hifadhi ya kaunti mwenyewe, weka nafasi mapema, chukua kitambulisho chenye picha na uthibitisho wa anwani, na penseli. Kalamu ya wino haiingii chumba cha kusomea. Usishangae wakikupa filamu au kompyuta badala ya kitabu.

Ikigoma

*Hakuna ndoa yoyote kati ya 1642 na 1660.* Ni miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na utawala uliofuata. Kuanzia 1653 ndoa zilifungwa mbele ya hakimu, na madaftari mengi yana pengo. Tafuta wosia na ubatizo wa watoto badala yake.

*Kitabu kimepotea au kimeliwa na unyevu.* Kuanzia 1598 parokia zilitakiwa kupeleka nakala kwa askofu kila mwaka. Nakala hizo hutafutwa kwenye hifadhi inayotunza nyaraka za dayosisi. Ukikuta zote mbili, zilinganishe, maana karani aliyenakili aliweza kukosea au hata kuruka mstari.

*Familia haikuwa ya Kianglikana.* Kati ya 1754 na 1837 Wakatoliki, Wabaptisti na Wamethodisti nao walilazimika kufunga ndoa kwenye kanisa la parokia. Walioachwa huru ni Wakweka (Quakers) na Wayahudi. Baada ya 1837 walikuwa na njia nyingine, ikiwemo ofisi ya msajili, kwa hiyo rudi kwenye faharasa ya serikali.

*Jina la baba limeachwa wazi baada ya 1837.* Huenda bibi au bwana harusi alizaliwa nje ya ndoa. Na likijazwa, bado lisikudanganye: wapo waliobuni baba ili kukwepa aibu mbele ya kasisi.

*Mke haonekani kwa jina la wazazi wake.* Angalia kama ameandikwa Widow. Mjane aliolewa kwa jina la marehemu mumewe, na ndoa ya kwanza ndiyo itakayokupa jina alilozaliwa nalo.

*Walionekana kuishi pamoja lakini ndoa hakuna popote.* Kama mke ni dada wa mke aliyefariki, kumbuka sheria haikuruhusu ndoa hiyo hadi mwaka 1907. Wengine walikwenda mji mkubwa wasikojulikana, wengine hawakufunga kabisa.

*Ndoa moja imetokea parokia mbili, tarehe tofauti.* Mara nyingi moja ni tangazo na nyingine ndiyo ndoa; faharasa imeziita zote ndoa. Maharusi wa parokia mbili walitangazwa kote kuwili. Fungua picha zote: penye tarehe tatu za Jumapili na jina la kasisi tu, hilo ni tangazo. Katika vitabu vilivyounganisha mambo hayo mawili, tangazo liko juu na ndoa chini ya fomu hiyohiyo. Juu pakijazwa na chini pakabaki patupu, hawakufungia ndoa hapo. Nenda parokia ya pili, anzia siku ya tangazo la tatu.